Dawa za ukimwi Bukavu: funzo la vita vya 2004

Mwaka wa 1996 ulikuwa na nyuso mbili. Mwezi wa saba, waganga waliokutana Vancouver, nchini Kanada, walitangaza kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kusimamisha virusi vya ukimwi, ao sida kama wengi wanavyosema hapa. Mwezi wa kumi, vita viliingia Bukavu. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29, na mji ukaanguka. Habari njema ya Vancouver ilibaki mbali.

Dawa mpya za wakati ule ni zile zinazozuia protiasi. Virusi vikiwa ndani ya seli hutengeneza mnyororo mrefu, na protiasi huukata kama mkasi ili virusi vipya vikomae. Saquinavir, iliyokubaliwa Marekani mwishoni mwa 1995, kisha ritonavir na indinavir mwanzoni mwa 1996, huziba mkasi huo. Virusi vinavyotoka havijakomaa, haviwezi kuambukiza seli nyingine.

Lakini bei ilikuwa ukuta: zaidi ya dola 10 000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni Cipla ya India ilitangaza dola 350 kwa mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Mchanganyiko huo haukuwa na dawa za kuzuia protiasi. Hizo zilibaki ghali, zikawekwa kwa wale ambao dawa za kwanza zimeshindwa. Tena, lopinavir ya wakati ule ilitakiwa kutunzwa kwenye frigo, jambo gumu mahali umeme unapokatika. Vidonge visivyohitaji frigo vilikubaliwa Marekani mwaka wa 2005 tu.

MSF ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi Bukavu Oktoba 2003. Hata mwaka haukwisha. Juni 2004, askari wa Jules Mutebutsi na Laurent Nkunda waliuteka mji. Watu wengi walidhani matibabu hayawezekani katikati ya risasi. Ila mpango ulikuwa umetayarishwa mapema: wagonjwa walipewa dawa za akiba na kuelezwa la kufanya wakikosa njia ya kufika kliniki. Wengi wao hawakukatiza matibabu.

Hilo lina maana kubwa, kwani dawa ikiachwa na kurudiwa ovyo, virusi huizoea. Ndipo mgonjwa anahitaji dawa za hatua ya pili, ambazo hupatikana kwa shida zaidi.

Februari 2025, M23 iliingia Bukavu, na jamaa nyingi zikakimbia tena. Funzo la 2004 bado ni lile lile. Anayekimbia abebe dawa zake na karatasi ya matibabu pamoja na nguo za watoto. Akifika ugenini, aulize kituo cha afya kilicho karibu kabla chupa haijaisha. Na jamaa inayompokea isimuulize mengi. Imwachie nafasi ya kumeza dawa kwa saa yake.