Maneno ya Matembezi katika Bandari ya Musoma na Viunga Vyake

Ni desturi ya wanahistoria kuitaja bandari kwa habari ya mizigo yake: pamba, samaki, ngozi na nafaka; tena kwa habari ya boma, askari na kodi. Ni wachache walioitaja kwa habari ya watu walioshuka pale bila ya mzigo wala amri, walioshuka kwa sababu ya kutaka kuona tu. Walakini watu hao nao wamo katika historia, na alama waliyoiacha si katika daftari za forodha bali katika lugha. Makala hii yachunguza maneno ya matembezi yanayotumika Musoma na katika nchi inayouzunguka mji huo, toka Suguti na Majita hata Butiama na Bunda, ili ionekane kama desturi ya kutembea kwa furaha ililetwa kule na wageni, au kama ilikuwako tangu zamani kwa jina jingine.

Yafaa kuanza na mahali penyewe. Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi iingiayo katika Ziwa Nyanza, na jina lake lasemwa kuwa limetokana na neno omusoma la wenyeji wa pwani ile, maana yake ndiyo hiyo rasi. Gati la wavuvi na abiria huitwa Mwigobero, jina ambalo kwa umbo lake laelekea kuwa na kitenzi -goba, kijulikanacho katika lugha kadhaa za Ziwa kwa maana ya chombo kufika pwani. Basi majina haya mawili ni ya baharia, si ya mwenda kwa miguu: aliyeyatoa aliitazama nchi kutoka majini. Kinyume chake, mahali ambapo njia ya Musoma huungana na barabara kuu ya Mwanza na Sirari huitwa Makutano, jina la Kiswahili kitupu, lililozaliwa na barabara. Hivyo msafiri atokaye gatini kwenda bara hupita, kwa mwendo mfupi, kutoka tabaka moja la lugha hadi tabaka jingine.

Tabaka la kwanza ni la lugha za Ziwa zenyewe: Kijita, Kikwaya, Kiruri na Kikara, ambazo ni jamaa wa karibu, pamoja na Kikerewe kilicho jirani yao. Katika nchi hizi mtu alikuwa na sababu nyingi za kuondoka kwake asubuhi na kurudi jioni, au kulala siku mbili. Ushahidi ulio bora ni riwaya ya Aniceti Kitereza, mwenyeji wa Ukerewe, aliyoimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Nayo ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani ya kitabu hicho watu hawakomi kwenda na kurudi: mume huwafuata wakwe zake kumrudisha mke, pombe huchukuliwa, wageni hupokewa, njia huelezwa hatua kwa hatua. Hakuna mtu atembeaye ili kutazama mandhari tu. Lakini pia hakuna safari isiyo na furaha yake, wala isiyo na kutazama kwake. Kuona nchi kulikuwa ndani ya kuwaona watu, nako hakukuhitaji jina lake peke yake.

Tabaka la pili lilitoka pwani ya Bahari ya Hindi. Waswahili wa mwambao walikuwa na maneno mengi ya starehe za namna hii. Kulikuwa na kupunga upepo, yaani kutoka jioni penye hewa. Kulikuwa na kubarizi, ambako ni kukaa na kuzungumza. Kulikuwa na mandari, neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu wa mandhari, ambalo kwa watu wa mwambao lilikuwa na maana ya matembezi ya siku moja ya watu wengi pamoja na chakula chao, shambani au ufukoni. Zaidi ya yote kulikuwa na kutembea, ambako hakukuwa na maana ya kwenda kwa miguu tu, bali kuzunguka bila haraka na kuwaona watu majumbani mwao. Wala si kila mara lilisifiwa: mtembezi katika kamusi za zamani ni karibu na mzururaji.

Si maneno yote haya yaliyofika Ziwani. Safari lilifika mapema pamoja na misafara ya biashara, likakaa. Kutembea lilifika, likapanuka. Kupunga upepo lilifika, na lilikuwa na haki ya kukaa, kwa kuwa upepo wa jioni wa Nyanza haupungui ule wa baharini. Lakini mandari halikupata makao bara. Limebaki zaidi kuwa neno la mwambao na visiwa vyake. Sababu yaonekana kuwa hii: mandari ilikuwa desturi ya watu wa mji wenye mashamba nje ya mji, na Musoma haukuwa mji wa namna hiyo. Neno lisilopata desturi ya kulibeba halisafiri mbali.

Njia iliyoyaleta maneno hayo yafaa kukumbukwa. Stanley aliuzunguka mwambao wa Ziwa kwa mashua yake Lady Alice mwaka 1875, akianzia upande wa mashariki, naye alikuwa na watu wa Unguja na pwani kama wapagazi na wapiga makasia. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na katika miaka iliyofuata meli za shirika hilo, Winifred, Sybil na Clement Hill, zilianza kuzunguka Ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928; lakini Musoma haukupata reli, ukawa mtoto wa meli. Meli Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, bandari za nchi tatu ziliunganishwa kwa mzunguko mmoja, na Kiswahili kilikuwa lugha ya sitaha yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa na mzunguko ule ukakatika.

Hapana budi pia kusema kwamba Ziwa si mahali pa furaha peke yake. Kuzama kwa Mv. Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na kwa kivuko Mv. Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, ambapo watu zaidi ya 220 walikufa, kumewaachia watu wa mwambao hofu isiyosahaulika upesi. Avukaye leo kutoka Mwigobero kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba ya Mara, huagwa kwa maneno ya safari hata kama atarudi jioni. Katika lugha ya Ziwani, maji huifanya safari fupi kuwa safari kamili.

Tabaka la tatu ni neno utalii. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma na kutazama kwa makini, na katika Kiswahili kutalii kulikuwa kuchunguza. Baada ya Uhuru neno hili lilipewa kazi mpya, kwa kuwa mbuga ya Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilivuta wageni wengi wa nchi za mbali. Ukanda wa magharibi wa hifadhi hiyo hufika karibu na Ziwa, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Bunda. Hivyo mtu wa Musoma aweza kuingia mbugani asubuhi na kurudi kwake usiku. Je, huyo ni mtalii? Kwa kanuni za serikali ndiye. Kwa mazungumzo ya watu, la: yeye amekwenda kutembea. Mtalii ni mgeni aliyetoka mbali, mwenye kamera na gari la kukodi. Ndipo ilipolazimika kuundwa maneno utalii wa ndani; na neno lihitajilo kivumishi ili limwingize mwenyeji limekiri lenyewe kwamba lilikuwa limemwacha nje.

Mfano wa Butiama ni wa ajabu zaidi. Kijiji hicho kiko kiasi cha kilomita 45 kutoka Musoma. Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, akaja kusoma Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, na akazikwa kijijini kwake mwezi Oktoba 1999. Wanafunzi waendao kuliona kaburi na jumba la makumbusho hawasemi kwamba wanatalii, wala kwamba wanatembea tu. Husema wanazuru, au wamefanya ziara. Katika Kiswahili cha mwambao, ziara ilikuwa hasa kwenda kwenye makaburi ya watu wema na kuwaombea. Baadaye ikawa mwendo rasmi wa wakubwa wa serikali. Butiama neno hili limerudi kaburini, si kwa amri ya kamati yo yote, bali kwa hisia ya wasemaji kwamba heshima yahitaji neno lake.

Kutokana na haya yafuata mambo mawili. Kwanza, si kweli kwamba matembezi ya furaha ni desturi ya kigeni katika nchi ya Mara. Kilicho kigeni ni kuyatenga na kuwaona jamaa, na kuyahesabu kwa tikiti. Pili, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, ulitupa lugha moja ya kuandikia, nayo ni faida kubwa. Lakini kamusi zilizotokana na uchaguzi huo zilisikiliza pwani kwa sikio kubwa na bara kwa sikio dogo. Maana za kutembea, kuzuru na safari kama zisemwavyo Mwigobero, Suguti na Butiama si makosa ya watu wa bara. Ni historia yao iliyoandikwa ndani ya maneno ya kukopa. Watungaji wa kamusi wangefanya vema kwenda kuyakusanya maneno hayo gatini na njiani, kabla wazee waliosafiri kwa Victoria kutoka Kisumu hawajatoweka. Maana wao ndio waliosikia neno moja likisemwa katika bandari tatu kwa maana tatu.