Nyuga za Majina katika Ualamishaji wa Matini: Mzigo au Haja?

Makala haya yanachunguza historia ya mjadala ambao wahakiki wa fasihi wamewaachia mafundi wa kompyuta, ilhali unawahusu: je, nyuga za majina huzitatanisha lugha za ualamishaji pasipo sababu? Uwanja wa majina ni utaratibu wa kulipatia kila jina la alama ukoo wake, ili majina mawili yanayofanana kwa umbo yasichanganywe kwa maana.

Haja yenyewe si ngeni. Gesima ni wadi ya eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira. Katika kaunti jirani ya Kisii kuna Nyaribari Masaba. Kadhalika, kuna Kitutu Chache na Nyaribari Chache. Mkazi wa Gesima akisema "Masaba" mbele ya jirani yake, anaeleweka. Akiliandika jina hilo katika orodha ya Gusii nzima, sharti ataje Kitutu au Nyaribari. Jina halijabadilika, kilichobadilika ni upana wa hadhira.

XML ilipita njia hiyohiyo. Kanuni zake za kwanza, zilizoidhinishwa na W3C Februari 1998, hazikuwa na nyuga za majina. Nyuga ziliongezwa Januari 1999 kwa waraka wa pekee uliohaririwa na Tim Bray, Dave Hollander na Andrew Layman. Tangu hapo jina la alama liliweza kutanguliwa na kiambishi na nukta mbili, kiambishi hicho kikiwakilisha anwani ndefu ya mtindo wa intaneti.

Wapinzani walikuwa na hoja tatu nzito. Kwanza, kiambishi chenyewe hakina maana: mmoja aweza kuandika "a" na mwingine "b", na maadamu anwani ni moja, alama ni ileile. Pili, anwani yafanana na ya ukurasa wa kufunguliwa, lakini kanuni hazidai kuwapo kwa ukurasa wowote. Tatu, uwanja uliotangazwa bila kiambishi huzihusu elementi, wala hauzihusu sifa zake. Mnamo 2012 msimamo wa kurahisisha ulipata umbo katika MicroXML ya James Clark na John Cowan, isiyokubali nukta mbili katika majina.

Hata hivyo, ualamishaji wa fasihi ulielekea kwingine. Miongozo ya TEI, inayotumiwa na wahariri wa miswada, iliingiza uwanja wake wa majina katika toleo la P5 mwaka 2007. Tuchukue mhariri wa ngano za Kigusii anayetia mchoro wa SVG ndani ya matini yake. Atakuta alama iitwayo title pande zote mbili: katika TEI ni jina la utungo, katika SVG ni maelezo mafupi ya mchoro. Pasipo kutaja ukoo, faharasa ya tungo itachanganyika na michoro.

Twaona, basi, kwamba dosari haimo katika kuyapa majina ukoo, bali katika kuuficha ukoo huo. "Kitutu Masaba" hujieleza palepale. "A:title" hungoja tangazo lililoandikwa kwingine. Matini ya asili moja haina haja ya mzigo huu. Matini inayokusanya simulizi, tafsiri na michoro inayo. Mhakiki anayemwachia fundi uamuzi huo amemwachia pia uamuzi wa kipi kihesabiwe kuwa utungo.