Saa ya Petroli Iliyopata Nembo ya Mazingira

Ukienda dukani kununua kompyuta au televisheni, geuza boksi uliangalie. Mara nyingi utakuta nembo: nyota, jani, au maneno kwamba kifaa hiki ni rafiki wa mazingira. Sasa jiulize: nani kasema? Na alipima nini hasa?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) lilianzisha nembo ya Energy Star. Bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini zake. Maofisini watu waliziacha zikiwaka usiku kucha bila mtu kuzitumia. EPA ikasema: kompyuta isipoguswa kwa muda ilale yenyewe, na ikilala isile zaidi ya wati 30. Kompyuta yako leo ikijizimia skrini ukienda kunywa chai, ujue mazoea hayo yalienea kutokana na nembo hiyo.

Wazo zuri, sivyo? Shida ilikuwa kwenye upimaji. Kwa miaka mingi mtengenezaji alijipimia mwenyewe na kutuma majibu. Mwaka 2010 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliamua kuijaribu nembo. Ikabuni kampuni hewa na bidhaa hewa 20. Bidhaa 15 zilipita! Mojawapo ilikuwa saa ya kuamshia inayotumia petroli, kubwa kama jenereta dogo. Nyingine, eti mashine ya kusafisha hewa, ilikuwa hita ya umeme iliyobandikwa brashi ya manyoya na karatasi za kunasia nzi. Baada ya aibu hiyo, kuanzia 2011 vipimo vikatakiwa kufanywa kwenye maabara zinazotambuliwa na EPA.

Lakini hata kipimo cha kweli hujibu swali lililoulizwa tu. Energy Star iliuliza kuhusu umeme. Sumu je? Ulaya ikaleta sheria ya RoHS, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006, kubana madini ya risasi, zebaki, kadimi na kemikali nyingine tatu. Na kifaa kikifa, kinafunguka? Mwaka huohuo Marekani ilianza mfumo wa EPEAT, unaoangalia pia jambo hilo.

Hapo napo kukawa na kioja. Juni 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye betri iliyogandishwa kwa gundi. Kisha ikaziondoa kompyuta zake EPEAT. Jiji la San Francisco likasema ofisi zake hazitazinunua tena. Ndani ya siku chache Apple ikarudi, ikikiri imekosea. Baadaye mwaka uleule EPEAT ikazichunguza kompyuta nyembamba na kusema zinakidhi vigezo. Gundi ileile! Kilichoamua ni namna vigezo vilivyotafsiriwa.

Basi unaponunua, anza na kifaa chenyewe. Friji hula umeme mchana na usiku kwa miaka mingi, kwa hiyo nembo ya umeme ina maana kubwa. Simu ni kinyume chake: inachaji kwa umeme kidogo sana, na sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutoka migodini na viwandani kabla hujafungua boksi. Tantalamu iliyomo ndani yake huenda ilichimbwa Kivu, Kongo. Madhara hayo yameshatokea, na nembo haiwezi kuyafuta. Unachoweza kufanya ni kuitumia simu hiyo miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo ukiiona nembo, uliza mambo matatu: inapima nini, nani alipima, na inaangalia kipindi gani cha maisha ya kifaa. Kisha ongeza swali moja ambalo nembo nyingi hazikuulizi: hicho ulicho nacho mfukoni kimekufa kweli, au kinahitaji betri mpya tu?