Nukta Zilifika Mbale Kabla ya Kiingereza

Mtoto wa Mbale, mashariki mwa Uganda, aliyeanza kusoma mwanzoni mwa karne ya 20 alikutana na nukta, mkato na herufi kubwa katika kitabu cha Kiganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeuanzisha mji huo chini ya safu ya Wanale, alikuja na wafuasi wake, na wainjilisti wakapita njia hiyo hiyo. Walibeba Biblia kamili ya Kiganda ya mwaka 1896, ambayo sehemu kubwa ilifasiriwa na George Pilkington. Katika misheni za Kianglikana, aliyetaka kubatizwa alitakiwa kwanza ajue kusoma.

Misheni ya Nabumali, nje kidogo ya mji, ilianza mwaka 1900. Mmisionari J. B. Purvis, aliyefanya kazi huko, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kimasaaba, lugha ya Wagisu, mwaka 1907. Ni jambo la kutafakari: kitabu hicho kiliandikwa ili Wazungu wajifunze lugha ya wenyeji. Zamu ya watoto kukaririshwa sarufi ya wageni ilikuja baadaye, serikali ya kikoloni ilipoanza kuhitaji makarani.

Hapo ndipo alama zile zile zikabadilika kazi. Chukua ritifaa ('). Katika Kiganda huonyesha irabu iliyomezwa: na omwana huandikwa n'omwana. Katika ng'ombe ya Kiswahili hulinda sauti. Kiingereza kinaitumia kuonyesha umiliki, kisha kinasogeza mahali pake: my father's house ni nyumba ya baba mmoja, my fathers' house ni ya akina baba wengi. Mwanafunzi anayeiweka pasipofaa si mzembe. Alama hiyo anaifahamu tangu zamani, ila kwa kazi nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa nafsi. Katika lugha za Kibantu “mimi” hujificha mwanzoni mwa kitenzi, lakini Kiingereza kimeipa herufi yake pekee, I, na kuitaka iwe kubwa hata katikati ya sentensi. Kiambishi kimoja cha Kibantu humbeba mama na baba, kwa hiyo he na she huchanganywa hata na watoto hodari.

Vitabu vya kiada havikusaidia sana. First Aid in English cha Angus Maciver, kilichotoka Glasgow mwaka 1938, kilienea Afrika Mashariki na orodha zake ndefu za majina ya makundi ya wanyama na majina ya jinsia. Watoto walizikariri. Wengi pia waliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani uwanjani, adhabu iliyowafunza aibu badala ya sarufi.

Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 ulirudisha lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya kwanza, na darasa la nne likawa daraja la kuvukia Kiingereza. Ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa shule nyingi za mjini, zenye Wagisu, Wateso, Wagwere na Waganda katika chumba kimoja, huanza na Kiingereza moja kwa moja. Kufikia darasa la saba wote hufanya mtihani mmoja wa taifa, unaowataka waandike upya sentensi bila kubadili maana, na ritifaa iliyokosewa huwagharimu alama.