Uwanja Uliofundisha Mizani

Aghalabu hulaumiwa televisheni kwa kufa kwa michezo ya watoto ya uwanjani. Kwa upande wa Zanzibar, lawama hiyo yataka kupimwa. Televisheni ilifika visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lakini seti zilikuwa chache. Watoto walikusanyika jioni kutazama, na kulipopambazuka walirudi mchangani.

Michezo hiyo ilikuwa na kalenda yake. Upepo wa kusi ulipotulia katika mwendo wake, matiara yalipanda angani: vijiti vya chelewa, karatasi, gundi ya uji wa unga na mkia wa kitambaa. Watoto wa pwani waliunda vyombo vya makumbi na kuvishindanisha majini. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa wa kibe, kujificha na kutafutana.

Wasichana walikuwa na mdako. Hufukuliwa kishimo, hujazwa vijiwe, kimoja hurushwa juu. Kabla hakijashuka, mkono huwa umezoa vya shimoni na kurudi kukidaka. Akichelewa, zamu humtoka. Katika ukuti, walioshikana mikono kwa duara huzunguka na kuimba, na mguu hauna budi kutua pamoja na silabi.

Hapo ndipo ulipo uhusiano wa uwanja na ushairi. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Wa shairi la kawaida, kumi na sita. Aliyezunguka katika ukuti aliujua ulinganifu wa sauti na mwendo kabla ya kufundishwa kuhesabu silabi kwa vidole. Sikio lake lilishtuka mizani ilipopungua, kama mkono unavyoshtuka kijiwe kinapoponyoka.

Kilichoiondoa michezo ni mambo mengi kwa pamoja: viwanja vilijengwa, magari yalizidi vichochoroni, kisha video, madishi na michezo ya kompyuta vikaingia majumbani, hata kila mtoto akawa na kioo chake.

Waliocheza mdako katika miaka ya 1970 sasa ni bibi. Kamusi yaweza kulihifadhi neno, lakini haiwezi kuuonyesha mkono unavyozoa. Mabibi hao wangali hai, na wajukuu wamo uani mwao. Kishimo cha mdako hakizidi upana wa kiganja.