Asili na Kuenea kwa Jina la Tremblay

Jina la mtu ni alama, na jina la ukoo ni kumbukumbu. Alama humtambulisha aliye hai mbele ya wenziwe. Kumbukumbu humfunga mtu na wafu asiowajua. Ndiyo sababu wachunguzi wa mambo ya kale hawayadharau majina ya koo, kwani mara nyingi majina hayo huhifadhi yale ambayo vitabu vya wafalme na vita havikuona haja ya kuyaandika. Lakini kumbukumbu hiyo ina upungufu wake. Hushika upande mmoja wa nasaba na kuuacha wa pili, kisha asiye mwangalifu hudhani kwamba upande ulioshikwa ndio nasaba nzima. Katika majina ya Kifaransa hakuna jina lionyeshalo mambo haya mawili kwa pamoja, yaani nguvu ya jina na upungufu wake, kama Tremblay, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi katika jimbo la Quebec, nchini Kanada.

Hapo zamani Wafaransa hawakuwa na majina ya koo. Dola ya Warumi ilipoanguka, desturi yao ya kumpa mtu majina matatu ilianguka pamoja nayo, na kwa karne nyingi jina moja la ubatizo lilitosha. Kuanzia karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili watu waliongezeka mijini na vijijini, na akina Pierre na Jean wakawa wengi mno hata mtoza kodi asiweze kumjua huyu na yule. Hapo pakazuka jina la pili. Wengine waliitwa kwa jina la baba au mzee wao, ndiyo asili ya Martin, jina lililoenea kuliko yote katika Ufaransa. Wengine waliitwa kwa kazi zao, kama Lefebvre, yaani mhunzi. Wengine kwa maumbile au tabia, kama Legrand, mkubwa, au Leblanc, mweupe. Na wengine waliitwa kwa mahali walipokaa au walipotoka: Dupont alikaa penye daraja, na Tremblay alikaa penye miti.

Mti wenyewe huitwa kwa Kifaransa tremble. Ni mti wa nchi za baridi, na vikonyo vya majani yake ni virefu na bapa, hata upepo mdogo ukipita majani yote hutetema. Kutokana na kutetema huko mti ukapata jina lake. Mahali palipoota miti hiyo kwa wingi Warumi walipaita tremuletum, na katika vinywa vya Wafaransa neno hilo likapungua kidogo kidogo hata likawa tremblay. Ni njia ile ile iliyofanya penye mikoche paitwe Mikocheni na penye miembe Miembeni. Ufaransa ina vijiji vingi vyenye jina hilo, kama Tremblay-en-France karibu na Paris na Le Tremblay-sur-Mauldre upande wa magharibi ya mji huo. Kwa hiyo jina la ukoo nalo lilizaliwa mara nyingi, mahali mbalimbali, miongoni mwa watu wasiokuwa na udugu wowote. Si jina la mtawala wala la shujaa. Ni jina la mtu aliyekuwa akiishi kando ya kichaka.

Katika mwaka wa 1539 Mfalme François wa Kwanza alitoa amri kule Villers-Cotterêts kwamba makasisi waweke daftari za ubatizo. Amri hiyo haikukusudiwa kuwapa watu majina, lakini jina lililokwisha kuandikwa halikuwa jepesi tena kubadilika. Lililokuwa likiruka ruka katika midomo ya majirani likatulia katika wino.

Huko Ufaransa Tremblay halihesabiwi miongoni mwa majina yaliyoenea sana. Bahati yake ilivuka bahari pamoja na mtu mmoja. Katika jimbo la Perche, lenye misitu na mashamba, palikuwa na kijiji kiitwacho Randonnai, na humo alizaliwa Pierre Tremblay, mwana wa Philibert Tremblay na Jeanne Coignet. Tangu mwaka wa 1634 mganga mmoja wa jimbo hilo, Robert Giffard, alikuwa amepewa ardhi huko Beauport karibu na mji wa Quebec, na watu wa Perche wakaanza kusafiri kwenda kufyeka misitu na kulima. Pierre alivuka bahari mwaka wa 1647, kibarua wa mkataba kama vijana wengi wa wakati ule. Hakwenda na mali wala cheo. Alikwenda na mikono yake.

Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Oktoba 1657, alimwoa Ozanne Achon, msichana aliyetoka jimbo la Aunis, upande wa bandari ya La Rochelle. Walikaa L'Ange-Gardien, kwenye pwani ya Beaupré, katika mojawapo ya yale mashamba marefu na membamba yanayoanzia ukingoni mwa Mto Saint-Laurent na kupanda kuelekea msituni. Walizaa watoto kumi na wawili. Wana wanne, Pierre, Michel, Jacques na Louis, walioa wakaendeleza jina la baba yao. Ozanne alifariki mwaka wa 1707, akiwa mjane.

Kutoka kwa wana hao wanne wanatoka karibu Watremblay wote wa Quebec. Kilichowaeneza hivyo hakikuwa nguvu ya pekee ya damu yao, bali hali ya nchi yenyewe. Sensa ya Jean Talon ya mwaka 1666 ilihesabu walowezi elfu tatu na mia kadhaa tu katika koloni zima. Mahali penye watu wachache hivyo, mwenye wana wanne waliooa alikuwa ametia mbegu katika shamba tupu. Ardhi ilikuwa tele. Vijana walioa mapema. Nyumba yenye watoto kumi haikuwa ajabu. Tena baada ya Waingereza kuuteka mji wa Quebec mwaka 1759, na Ufaransa kuitoa nchi hiyo katika mkataba wa Paris wa 1763, wahamiaji kutoka Ufaransa walikuwa kama waliokatika. Wale elfu sitini au sabini waliobaki wakaongezeka kwa kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Majina yaliyokuwa na wana wengi yakaendelea kukua, na yaliyokosa wana yakazimika. Haba na haba hujaza kibaba.

Mashamba ya Beaupré yalipojaa, wajukuu walisogea chini ya mto, wakakaa Baie-Saint-Paul, Les Éboulements na La Malbaie, katika nchi iitwayo leo Charlevoix. Huko nako milima iliwabana. Watu wa La Malbaie wakaunda shirika la watu ishirini na mmoja, na mwaka wa 1838 wakaingia bonde la Saguenay kukata misonobari, ingawa nchi hiyo ilikuwa bado mikononi mwa Kampuni ya Hudson's Bay, nayo haikutaka wakulima wafanye makao humo. Kiongozi wao alikuwa Alexis Tremblay, mwenye lakabu ya Picoté, yaani mwenye alama za vishimo vishimo. Ukataji wa miti ulifungua njia, na jembe likafuata nyuma ya shoka.

Lakabu hiyo yastahili kutazamwa. Jina la ukoo lilibuniwa ili kumtenga Pierre huyu na Pierre yule. Katika Charlevoix na Saguenay Watremblay walizidi mno, hata jina likashindwa na kazi yake ya kwanza. Ikawa lazima majirani wabuni lakabu upya juu ya jina la ukoo, kama mababu zao walivyofanya karne saba nyuma.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Kati ya miaka ya 1840 na 1930 Wakanada Wafaransa wapatao laki tisa walihamia Marekani, wengi wao katika viwanda vya nguo vya New England. Makarani wa Kiingereza waliandika walichosikia, na Tremblay akageuka Trombley, Trombly au Trembley. Ndivyo kichaka cha Perche kilivyopotea katika herufi, na mjukuu asiyejua Kifaransa asiweze tena kuusikia mti ndani ya jina lake.

Mwaka wa 2006 orodha ya serikali ya Quebec iliweka Tremblay mbele ya majina yote: zaidi kidogo ya mtu mmoja katika kila mia. Idadi hii huwafanya wengi waseme kwamba Pierre Tremblay ni baba wa taifa. Lakini hapo ndipo yafaa kusimama na kuuliza, mama yuko wapi? Kila mtoto wa Pierre alikuwa pia mtoto wa Ozanne, wala hakuna Mtremblay wa ukoo huu asiyekuwa wa Achon kwa kiasi kile kile. Tena binti zao walioolewa walizaa watoto walioitwa kwa majina ya baba zao, na wajukuu wa binti hao wamo leo katika koo nyingine kwa maelfu bila ya alama yoyote. Jina limewahesabu wana, halikuwahesabu binti.

Jambo hili si la fahari tu, bali limegusa uhai wa watu. Katika Saguenay na Charlevoix hupatikana magonjwa kadhaa ya kurithi ambayo ni adimu sana kwingineko. Mojawapo ni tyrosinemia, ambayo huharibu ini la mtoto mchanga, na katika Saguenay mtu mmoja hivi katika kila ishirini hubeba chembe yake bila kuugua. Watu wa nje walidhani kwamba sababu ni ndugu kuoana. Kazi ya kuunganisha daftari za ubatizo, ndoa na mazishi, iliyoanzishwa Chicoutimi mwaka 1972 kwa jina la BALSAC, ilisaidia kuonyesha sababu nyingine: waanzilishi walikuwa wachache, na watoto wao walikuwa wengi. Wala chembe za kurithi hazifuati jina la ukoo. Hupita kwa mama kama zipitavyo kwa baba, na asiyeitwa Tremblay huweza kuzibeba sawa na anayeitwa. Tangu mwaka 1970 watoto wachanga wa Quebec hupimwa ugonjwa huu bila kuulizwa wao ni wa ukoo gani.

Basi daftari zimefanya haki ambayo jina halikuifanya. Makasisi wa koloni walimwandika mwanamke kwa jina la baba yake hata baada ya kuolewa, na kwa sababu ya desturi hiyo ndogo Ozanne Achon hakupotea. Tangu tarehe 2 Aprili 1981 sheria ya Quebec humtaka mke aendelee kutumia jina la kuzaliwa kwake, na huwaruhusu wazazi kumpa mtoto jina la baba, la mama, au yote mawili. Kwa Ozanne ruhusa hiyo imechelewa kwa zaidi ya karne tatu. Watoto wake kumi na wawili walikwisha kuandikwa Tremblay, na mtu atakaye kumjua mama yao hana budi kuliacha jina, akafungue daftari.