Utunzaji wa chombo chini ya maji: Adui ni mwani, watobozi na umeme

Abiria anayepanda boti gatini huona rangi ya ubavuni, viti na jina la chombo. Sehemu iliyozama haioni, ilhali usalama wake unaitegemea hiyo zaidi. Ubao uliotobolewa hautoi taarifa, na mara nyingi nahodha hutambua pale maji yanapozidi katika ngama.

Katika bahari yenye joto kama ya Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, tumbo la chombo huanza kwa kuota utelezi, kisha mwani, na hatimaye viumbe wenye magamba makali wanaoganda kama saruji. Chombo huwa kizito majini na mafuta huliwa bila faida. Mwendo ukipungua huku mashine ikizunguka kwa kasi ileile, sababu ya kwanza ya kutazamwa ni hiyo.

Mafundi wa majahazi hawakusubiri gudi. Hutumia bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Chombo husogezwa ufukweni maji yakijaa, hutiwa magadi yasimamishe mbavu zake, na kazi hufanyika maji yakipwa. Hapa pana hesabu ya kuangalia: kikikwama siku ya kilele cha bamvua, maji ya siku zinazofuata hayatakifikia, na mwenyewe huweza kusubiri karibu wiki mbili. Tumbo hukwanguliwa, kisha moto wa makuti hupitishwa chini yake kuwaua watobozi, viumbe wa jamii ya chaza wanaokula mbao kwa ndani. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba, na mwisho hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Vyombo vya kisasa hutegemea rangi yenye shaba. Wazo hilo ni la zamani, kwani Jeshi la Majini la Uingereza liliifunika kwa mabati ya shaba meli ya HMS Alarm mwaka 1761. Baadaye zilikuja rangi zenye sumu ya bati, ambazo zilifanya kazi vizuri mno, hata zikaharibu chaza wa Arcachon nchini Ufaransa. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Aidha, rangi ya shaba haifai kwa boti ya alumini, kwani huila.

Kisa ni kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na ile dhaifu huliwa. Mwingereza Humphry Davy alilitumia jambo hilo mwaka 1824 kwa kufunga vipande vya zinki na chuma ili vilike badala ya shaba. Shaba ilipona, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, mwani ukaota upya.

Zinki ingali ikifungwa karibu na shafti na usukani. Hubadilishwa ikibaki nusu, na haipakwi rangi kamwe, maana ikifunikwa hailindi kitu. Katika maji baridi ya Ziwa Victoria au Tanganyika zinki hufanya utando na kulala, hivyo magnesi ndiyo inayofaa.

Rafadha, ambayo wengi huiita propela au pangaboi, hukaguliwa kila chombo kinapopandishwa. Jani lililopinda hutikisa shafti na kuharibu beringi zake. Rangi ya waridi kwenye shaba ni ishara mbaya: zinki iliyochanganywa humo imetoka, na jani huweza kumeguka. Mshipi wa kuvulia uliojiviringisha hukata sili ya shafti, na maji hupata njia ya kuingia ndani. Anayezamia kuutoa ahakikishe kwanza mashine imezimwa, na ufunguo amekabidhiwa yeye mwenyewe.